Alama ya Penseli Kando ya Swichi

Tarehe sita Juni, saa kumi na mbili jioni, niliingia duka la Kipngeno pale Kapkatet kununua balbu moja. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Nilibeba balbu ya zamani ndani ya mfuko wa karatasi, na safari hii nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye kikaratasi ili nisikosee tena.

Kipngeno alikuwa ameanza kufunga milango. Aliponiona akaacha.

"Karani. Pole bado. Mzee anaendeleaje?"

"Yuko."

"Leo tunachukua nini?"

Niliweka balbu juu ya kaunta. "Hii uliniuzia Aprili. Inatetemeka."

Aliiinua, akaitingisha karibu na sikio, akaichomeka kwenye kijaribio chake. Ikawaka vizuri, nyeupe, bila kupepesa.

"Hii si mbovu. Uliifunga kwa swichi gani?"

"Ya kuzungusha."

"Dima?" Aliichomoa balbu kwenye kijaribio. "Karani, nilikuuliza siku ile. Nilikuuliza, ni swichi ya kubonyeza ama ya kuzungusha. Ukaniambia kubonyeza, fanya haraka, lori linakuja."

Ni kweli. Aliniuliza. Nyumba yetu ina balbu saba, na sita ziko kwenye swichi za kubonyeza. Nilijibu kwa hizo sita.

Alitoa boksi kama lile la Aprili, akaweka kucha chini ya picha ndogo iliyotoshana na punje ya mahindi. Swichi ya duara, imepigwa mstari. "Wameandika hapa. Isiwekwe kwa dima. Ukiiweka, inatetemeka, inalia, na ukipunguza sana inazimika kabisa."

Mimi kazi yangu ni kusoma mizani na kuandika kilo bila kukosea. Sikuwa nimesoma boksi.

"Nipe inayokubali," nilisema.

"Ya pini ama ya skurubu?"

"Pini."

"Mwanga mweupe ama wa njano?"

"Wa njano. Kama ule wa balbu za waya."

"Basi chukua hii ya wati tisa. Itakupa mwanga wa ile ya sitini ya zamani na haili umeme." Alinionyesha boksi, na pale palikuwa na swichi ya duara isiyopigwa mstari. Nilisoma maandishi yote, pande zote nne, naye akangoja. "Lakini nikuambie ukweli. Hiyo swichi yenu ilitengenezewa balbu za kula umeme mwingi. Hizi ndogo, unaweza kuzima na ibaki na mwanga kidogo. Ama ijiwashe yenyewe kidogo hivi. Sasa usitoke mbio ukaniletea mchungaji hapa."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Sisi tuliotoka Kisii tumesemwa vya kutosha hapa kwa mambo ya uchawi. Ndiyo maana nilichokuwa nikikiona dirishani tangu Aprili sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

* * *

Nitaeleza kuhusu swichi hiyo, kwa sababu kila kitu kimetoka kwake.

Kaka yangu Atuti ni fundi wa umeme. Kabla hajahamia Kipkelion alitutengenezea waya za nyumba, na kwenye chumba cha Mama akafunga swichi ya kuzungusha aliyoipata hoteli moja ya Kericho ilipokuwa ikifanyiwa ukarabati. Mama yetu, Jerusa, alikuwa ameanza kuugua moyo. Mwanga mkali ulimuumiza macho na giza lilimnyima pumzi. Alitaka mwanga wa katikati. Alizungusha mpaka akaupata, kisha akachukua penseli ya Atuti na kuchora kistari ukutani, kando ya swichi. Kila jioni alirudisha pale.

Mimi ni karani wa kituo cha kununua majani chai. Kituo kiko juu ya kilima, na nyumba yetu iko ng'ambo ya bonde. Ukipita barabarani ni dakika ishirini na tano, ukikata katikati ya majani ni kumi na mbili. Jioni lori la kiwanda likichelewa, tunangoja. Na katika kungoja huko, mimi na Mama tulikuwa na njia yetu ya kuongea.

Akinihitaji, alizungusha swichi mpaka mwanga ukajaa dirishani, kisha akaushusha polepole. Mara tatu. Mimi nikiona, niliinua tochi ninayotumia kusomea mizani nikaiwasha mara tatu. Maana yake: naja. Akishaona tochi, alishusha mwanga hadi kwenye alama ya penseli, akatulia. Nilikuwa nikishuka bondeni huku nikiona dirisha lile la njano limekaa kimya, na nilijua kwamba ameketi kitandani akiningoja.

Balbu ya waya iliungua tarehe tatu Aprili. Nilinunua ile nyingine siku hiyo hiyo, haraka, lori likija.

Ilikuwa mbaya tangu jioni ya kwanza. Ilitetemeka. Ililia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Mama akiishusha kwenye alama yake, ilizimika. Aliniambia, "Nyamusi, hii taa yako haisikii," nami nikamwambia nitaibadilisha wikendi.

Tarehe kumi na moja Aprili, Baba alikuwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Lori lilichelewa. Saa moja kasorobo niliona dirisha la Mama likipepesa. Likawaka, likazima. Likatetemeka, likazima.

Lenah, ambaye tunapakana naye shamba, alikuwa ameketi juu ya magunia yake. "Karani, kwenu kuna nini?"

"Ni hiyo balbu. Inatetemeka tena."

"Nunua ingine bwana! Ama Mama Jerusa amefungua disko?"

Watu walicheka. Nami nilicheka.

Nimeandika saa, kwa hivyo najua. Dirisha lilipepesa kwa dakika arobaini. Saa moja na dakika ishirini na tano likawa giza. Nikasema moyoni, afadhali, amelala.

Nilifika nyumbani saa mbili na dakika kumi. Mama alikuwa ameketi sakafuni chini ya swichi, mgongo ukutani. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umeinuliwa, vidole vimeshika kile kiduara.

Baba aliporudi, mimi naye tulishindwa kuvifungua kwa muda.

Daktari alisema ni moyo. Aliuliza kama kulikuwa na mtu karibu. Nilisema hapana.

* * *

Tulimzika tarehe kumi na tisa. Wageni walipoondoka, Baba alihamisha blanketi lake akaanza kulala kwenye chumba cha Mama. Anaitwa Johana Nyamwange, ana miaka themanini na mmoja, na alichuma chai ya kampuni miaka thelathini na minne. Hakueleza kwa nini alihama. Sikuuliza.

Wiki iliyofuata nilirudi kazini. Saa moja kasorobo, dirisha lilianza kupepesa.

Nilikaza macho kwenye mizani.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Baba jikoni. Jiko letu liko nje, nyuma ya nyumba kubwa. "Baba, ulikuwa unaguza taa ya chumbani?"

"Mimi? Niko hapa tangu saa kumi na mbili. Nyumba nimefunga."

Hiyo ni tabia yake ya miaka ya kambi ya kampuni. Akitoka hata hatua kumi, anatia kufuli mlangoni na ufunguo mfukoni.

Kila jioni ilikuwa hivyo. Dakika ile ile. Niliiacha balbu ile mahali pake wiki saba, na sababu yake ninaijua. Wakati balbu ilikuwa mbovu, ningeweza kusema ni balbu. Ningeweza kusema hata tarehe kumi na moja ilikuwa ni balbu, na kwamba Mama aliinuka mara moja tu, kwenda kuizima.

Lakini Baba alianza kulalamikia macho. Hivyo nikaenda kwa Kipngeno.

Jioni ile ya tarehe sita nilipanda juu ya stuli na Baba akashika miguu ya stuli kwa mikono miwili. Nilichomeka balbu mpya. Pini ziliingia, ikakaa.

"Zungusha, Baba."

Mwanga ulipanda polepole, wa njano, bila sauti. Ukajaa chumba. Akaurudisha chini nao ukashuka bila kukatika, mpaka kwenye alama ya penseli. Ukabaki pale.

Baba alitazama ukuta. "Sasa hii," alisema, "hii ndiyo taa ya Mama Atuti."

Alitoa kofia akaishika kifuani. Nilishuka kwenye stuli, tukasimama hivyo.

Kesho yake dirisha halikupepesa. Wala siku iliyofuata. Siku saba nzima saa moja kasorobo ilipita, nami nikawa nalala. Nilijiambia: unaona? Ilikuwa ni balbu.

* * *

Tarehe kumi na nne Juni kulikuwa na ukungu bondeni. Lori lilikuwa bado. Lenah alikuwa akinisimulia juu ya ng'ombe wake.

Nikaona dirisha la Mama likijaa.

Halikutetemeka. Lilijaa polepole, likakaa kidogo, likashuka polepole.

Mara moja.

Likajaa tena. Likashuka.

Mara mbili...

"Karani? Unanisikia?"

Mara tatu.

Niliangusha kalamu. Sikuinua tochi, sikumuaga mtu. Nilikata katikati ya majani ya chai, sketi ikilowa hadi mapajani, matawi yakinichapa. Mbele yangu dirisha lile lilikuwa likipanda na kushuka. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Kama mtu anayepumua.

Mlango wa nyumba kubwa ulikuwa na kufuli.

Nikasikia mlio kutoka jikoni, mdogo, kama wa ndama.

Baba alikuwa amelala sakafuni kando ya mafiga, mguu umepinda vibaya chini yake. Moto ulikuwa umeshuka kutoka mafigani ukifuata kuni moja, na ulikuwa umefika shuka lake. Nilimwaga maji ya mtungi wote. Nikamvuta mbali. Alikuwa hai.

"Nimeanguka... kama saa kumi na moja," alinong'ona. "Nimeita mpaka sauti imekwisha."

Nilitia mkono kwenye mfuko wake wa koti. Ufunguo ulikuwepo.

Nilimpigia simu Kipkosgei, jirani mwenye pikapu, kisha nikaenda kufungua nyumba ili nichukue blanketi na kitambulisho. Nilifungua kufuli. Nikasukuma mlango wa chumba.

Kulikuwa na harufu ya mafuta ya Mama ya kujichua, yale ya mkaratusi. Mbichi. Kana kwamba kifuniko kimefunguliwa sasa hivi.

Mwanga ulikuwa umejaa kabisa.

Nilishika kile kiduara. Kilikuwa na joto, na si joto la umeme. Nalijua joto lile. Nilikizungusha mpaka mwisho, kikalia *tik*, taa ikazima. Lakini ndani ya balbu kulibaki uzi mwembamba wa njano uliokataa kufa, sawasawa na alivyosema Kipngeno. Nilichukua blanketi nikatoka kinyumenyume.

Hospitalini Kapkatet walisema nyonga imevunjika na kwamba nilifika kwa wakati. Walilirudia neno hilo, kwa wakati. Nililisikia kama mtu anayesomewa hukumu.

Kwa sababu kama Mama aliweza kuniita kwa ajili ya Baba, basi tarehe kumi na moja Aprili haikuwa balbu. Alikuwa ananiita. Dakika arobaini. Nami nilikuwa nikiangalia, nikicheka.

Baba alinishika kidole kabla hawajampeleka ndani.

"Ulijuaje kuja?"

"Niliitwa, Baba."

Aligeuza kichwa. Akatazama kama kuna mtu karibu. "Kwa taa?"

"Kwa taa."

"Na wewe ulijibu? Uliwasha tochi?"

"Hapana. Nilikimbia tu."

Alipumua. "Vizuri. Sikiliza, mwanangu. Mimi alinifanyia hivyo wiki zote zile. Usiku taa inapungua, inaongezeka, mimi nimelala palepale. Nilijifanya nimesinzia." Machozi yalimtoka kando, yakaingia sikioni. "Toa hiyo balbu kesho kabla ya jioni. Na akiita tena, usimjibu. Ukimwambia unakuja, atakungoja. Na unamjua mama yako. Huyo hakuwa mtu wa kuchoka kungoja."

* * *

Kesho yake adhuhuri niliitoa balbu. Nilizima kwanza umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu, kisha nikapanda stuli. Nilirudisha balbu ndani ya boksi lake, boksi nikalitia mfuko wa koti. Nilifunga mlango wa chumba, nikafunga mlango wa nyumba, nikaenda kazini. Atuti alikuwa amekubali kumchukua Baba Kipkelion akitoka hospitali. Mimi Lenah alinipa kitanda kwake.

Saa moja kasorobo. Ukungu haukuwepo siku hiyo. Bonde lote lilionekana, majani ya chai yakigeuka meusi, na ng'ambo nyumba yetu, giza tupu.

Dakika tano zikapita...

Lenah akaacha kusokota kamba ya gunia. "Nyamusi." Huwa ananiita karani. "Ile si nyumba yenu?"

"Ni yetu."

"Mzee amerudi?"

"Bado."

"Basi nani amewasha taa?"

Dirisha lilikuwa linajaa. Njano. Polepole. Nilitia mkono mfukoni nikashika boksi, nikalifungua kwa kidole. Balbu ilikuwa ndani. Kioo chake kilikuwa na joto, kama yai lililotagwa sasa hivi.

Mara tatu. Kimya. Mara tatu.

"Usiangalie," Lenah alinong'ona. "Twende ndani, Nyamusi. Usiangalie huko."

Lakini mimi nilikuwa nikihesabu. Mara tatu, kimya. Mara tatu... Kisha mwanga ulipanda hadi katikati ukasimama, ukayumba, ukashuka kabla haujajaa. Kama mkono uliochoka. Ukajaribu tena. Ukafika katikati, ukashuka.

Niliona jinsi ilivyokuwa. Kama ilivyokuwa tarehe kumi na moja, ndani ya chumba, upande ule mwingine wa dirisha. Mkono umeinuliwa, kifua kimebana, macho yamekaza juu ya kilima yakitafuta kitochi kidogo. Na kilima hakijibu.

Niliyakumbuka maneno ya Baba, yote, kama nilivyoyaandika hapa.

Niliinua tochi.

Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

"Unamwashia nani?" Lenah alishika mkono wangu. "Nyamusi! Unamwashia nani?"

Ng'ambo ya bonde, mwanga ulisimama. Kisha ukashuka, polepole sana, bila kutetemeka, mpaka mahali ninapopajua hata kwa mbali. Kwenye alama ya penseli. Ukatulia hapo.

* * *

Leo ni tarehe mbili Septemba. Baba anatembea kwa fimbo mbili huko Kipkelion. Balbu iko hapa mezani kwa Lenah, ndani ya boksi lake. Umeme wa nyumba bado umezimwa. Nyumba sijaifungua.

Dirisha linawaka kila jioni. Haliniiti tena, halipandi wala halishuki. Limekaa tu kwenye alama, la njano, kimya, kama lilivyokuwa likikaa nikiwa tayari njiani. Watu wameanza kupita barabara ya juu ili wasipite kwetu.

Naandika haya kwa ajili ya Atuti, kwa mpangilio wa tarehe na saa, ili siku akija kufungua chumba kile asije akasema dada yake alichukuliwa. Hakuna aliyenichukua. Niliitwa mara moja sikujibu. Mara ya mwisho nilijibu.

Nilimwambia Mama naja. Lori la leo limeondoka mapema, na tochi ya kushukia bondeni ina betri mpya.